Siku Koko Alipoacha Kutoa Moshi

Kama ulifunga gazeti juma lililopita ukasema "huyu mwanamke sasa atapumzika," ulikosea, na mimi nilikosea pamoja nawe.

Niliachia pale ambapo mume wangu Delphin amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, nyumbani kwetu Mbunya, miguu imekufa tangu moto yake, yaani pikipiki yake ya mashindano, ilipomtupa. Nikaachia pale mama yake, Mama Suzanne, akiingia kutoka Kpandroma na kikapu cha maharagwe na neno moja tu mdomoni. Neno lenyewe ni Tina, binti yetu.

"Kwetu iko ngombe, iko maziwa," alisema kabla hata ya kukaa. "Hapa iko nini? Baba ya kukaa, mama ya kubeba batu ku moto. Mutoto atakunywa vumbi?"

"Mama, Tina anasoma hapa. Haendi."

"Ngombe zetu zilifika kwenu ao hazikufika?"

Zilifika. Na kwetu ng'ombe wa mahari wakishaingia kwa baba yako, mtoto utakayemzaa ni wa ukoo wa mumeo hata kabla hujamwona uso. Nilimtazama Delphin ili aseme kitu. Alikuwa anakuna goti lake, goti ambalo halisikii chochote.

Basi nikafanya ujinga wangu. Nikataja mashindano.

Kuna bwana anaitwa Abdoul, ananunua dhahabu kwa wachimbaji na anapenda mbio kuliko chakula. Alikuwa ameleta moto mpya kabisa ya motocross kutoka Uganda. Akatangaza kwamba atakayeshinda Jumapili, kule mlimani wanakochoma matofali, ndiye atakayeiendesha kwa jina la Abdoul mwaka mzima, kwa mshahara wa kila mwezi. Mshahara, wenzangu! Mwanamke mwenye mshahara hanyang'anywi mtoto kwa habari ya maziwa.

"Nitakimbia na Koko," nikasema.

Mama Suzanne alicheka mpaka akashika ubavu. "Na ile chuma yenye ilivunja mutoto wangu? Sawa. Ukishinda, Tina anabaki. Ukishindwa, ananifuata, na sitaki kusikia kilio. Delphin, umesikia?"

"Nimesikia," Delphin akasema. "Tungoje matokeo."

Lishikeni neno hilo. Mimi nililishika kama mtu anavyoshika kamba ya kisima.

Koko kwetu ni nyanya, mama wa mama yako, na moto yetu tuliipa jina hilo kwa sababu ya kikohozi. Ni moto ya zamani, ya deux temps, injini ya mipigo miwili, padri mmoja aliiacha alipozeeka akarudi kwao. Moto za siku hizi mafuta ya injini yana mahali pake, unayatia na kuyasahau. Koko hapana. Mafuta yake unayachanganya ndani ya esansi, petroli yenyewe, na siku ukisahau umeiua. Ukiiwasha inatoa moshi wa buluu, kuku wanakimbia. Breki ya mbele ni ya kubembeleza. Nguvu zake zinalala, zinalala, halafu zinaamka ghafla, na kama hukujiandaa unajikuta chini.

Ndivyo ilivyomfanya Delphin mwaka jana, mbele ya watu wote.

Tangu siku ile alikuwa na wimbo mmoja, na kila mgeni alipewa wimbo huo kabla ya chai. "Hakuna mutu anaweza kushinda ku moto ya zamani. Hizi za mupya zimeharibu muchezo. Haikuwa miye nilianguka. Ilikuwa Koko."

Watu walikubali kwa vichwa. Mimi pia nilikubali, maana mtu aliyepoteza miguu humnyimi maneno.

Jumamosi nikampeleka Koko mlimani kumjaribu. Delphin aliomba aje, jirani akambeba kwenye moto yake, tukamweka na kiti chake kando ya njia. Abdoul alikuwa pale na moto yake mpya, nyekundu, safi kama sahani ya wageni, na Chris, kijana wake anayeiendesha kwa sasa.

"Mama Tina!" Abdoul akaita. "Koko anapika maharagwe leo? Moshi mingi hivi!"

Watu wakacheka. Nilizoea. Kila mara nikipita na Koko kuna mtu anajifunika pua na kuuliza chakula kinaiva saa ngapi. Ila siku hiyo iliniuma, sijui kwa nini.

"Njoo panda hii kidogo," Abdoul akasema. "Ujue kitu itakufukuza kesho."

Nikapanda. Hakuna teke la kuwashia, ni kitufe, unabonyeza kidole tu. Ikaamka bila kukohoa. Nikapanda kilima, na kila shimo ambalo kwa Koko linakupiga mpaka kwenye meno, hii ililimeza. Nguvu zake zilikuja kuanzia chini, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekushika mkono. Breki, unagusa inasimama. Nikaruka tuta la juu nikatua, na nikasikia mtu anacheka kwa sauti. Ni mimi. Sikuwa nimecheka tangu Delphin aanguke.

Niliporudi nikamwambia Delphin, bado nahema, "Baba Tina, hii moto inakusamehea kila kitu!"

Aliinama akakuna goti.

"Lakini Koko anaweza kuishinda," nikaendelea, mjinga mimi. "Chris anaogopa matope. Akifika bondeni anafunga breki, na ile moto ina nguvu mingi, tairi inazunguka bure. Ngoja nikuonyeshe."

Nikampanda Koko, nikamfuata Chris, na kule bondeni kwenye udongo mwekundu uliolowa, nikampita. Watu wakapiga kelele. Hata Abdoul alipiga makofi akasema, "Kumbe Koko haina shida! Inataka tu mwenye kuijua!"

Delphin peke yake hakupiga kelele. Niliuona uso wake nikadhani ni jua.

Sasa kuna jambo moja la wakimbiaji wa kwetu ambalo lazima mlijue. Mwenye kukimbia hachanganyi esansi yake mwenyewe. Zamani ilikuwa hivyo na mpaka leo wenye moto za zamani wanafanya hivyo, kwa sababu mkimbiaji ana wasiwasi, mkono unatetemeka, atazidisha au atasahau. Anachanganya mtu wa nyumbani, mwenye kumpenda. Na ukishapokea bidon, lile dumu la esansi, huifungui ukaangalia wala kunusa. Kunusa ni kumwambia mtu wako humwamini.

Miaka yote Delphin alipokuwa anakimbia, nilichanganya mimi. Napima mafuta kwa kopo la nyanya, nayamimina katika bidon ya manjano, natikisa. Alipoanguka akaniomba kazi hiyo iwe yake. "Mikono yangu ingali inatumika," aliniambia. Ilikuwa kazi pekee iliyombakia, nikampa kwa moyo wote.

Jumapili, tukitoka ibada, akanipa bidon. Alikuwa ameifunga vizuri, ameipangusa.

"Nimekuchanganyia vizuri," akasema. "Mgongo inaniuma, miye nitabaki. Endesha polepole, Mama Tina."

Mama Suzanne alikuwa mlangoni anamsuka Tina. Mtoto alikuwa amevaa gauni lake la Noeli, viatu vimefungwa, soksi nyeupe.

"Mama, weye unakwenda kushinda?" Tina akaniuliza.

"Ninakwenda kushinda."

"Tutakufuata kidogo," Mama Suzanne akasema, upole usio wa kawaida yake. "Acha nimalize nywele."

Nilimbusu mtoto kwenye kile kichwa kilichosukwa nusu, nikaondoka. Moyoni nikasema, angalau mama mkwe amemvalisha mtoto vizuri aje kumwona mama yake.

Kule mlimani nikamimina esansi kwenye tangi bila kuitazama, kama ilivyo desturi. Nikampiga Koko teke, akakohoa, akatoa moshi wake, watu wakajifunika pua. Bendera ikashuka.

Mwanzo Chris alinipita kama nimesimama. Ile moto yake mpya ilipanda kilima kama hakuna kilima. Juu kwenye tuta aliruka akaniacha nikiangalia tumbo la moto yake. Lakini bondeni, kama nilivyosema, akafunga breki. Tairi ikazunguka bure, matope yakaruka mpaka kwa watu. Koko na wepesi wake wa kizee akapita pembeni kwenye majani.

Tulizunguka hivyo, yeye mbele kwenye kilima, mimi mbele bondeni. Na kila mzunguko nilisikia Koko anakimbia vizuri zaidi. Sauti yake ilikuwa kali, nyembamba, kama ya moto kijana.

Halafu watu wakaanza kupiga kelele mpya.

"Koko amepona! Tazama! Haitoe tena moshi!"

Nikageuza shingo. Kweli. Nyuma yangu hewa ilikuwa safi. Hakuna buluu, hakuna harufu, hakuna aliyejifunika pua.

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Mtu yeyote aliyekulia na deux temps anajua kwamba ule moshi ndio mafuta, na mafuta ndiyo uzima wake. Moshi ukiisha, unazima injini hapo hapo, unashuka, unauliza. Mimi nilijua hayo kabla sijajua kupika. Lakini nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nikasikia watu wanamsifu Koko kwamba amekuwa kama moto mpya, na nilifurahi, wenzangu, nilifurahi sana. Nikasema moyoni, Delphin wangu ameisafisha usiku kucha ili nisione haya. Nikaongeza gesi.

Mzunguko wa mwisho nilikuwa mbele. Niliwatafuta Tina na Mama Suzanne kati ya watu, sikuwaona. Nikasema labda wako upande wa pili.

Nikashuka kilima. Koko akaanza kugonga ndani, kama mtu anayepiga sufuria kwa mwiko. Joto likapanda mpaka kwenye magoti. Nikasema, vumilia Koko, ni pale tu. Nilikuwa naiona bendera.

Ikakamata. Moteri yote ilisimama mara moja, tairi ya nyuma ikafungwa kama imepigwa msumari, na mimi nikaruka juu ya usukani nikala udongo. Nilipoinua kichwa Chris alikuwa anapita mbele ya bendera. Alikuwa anaangalia nyuma, kwangu. Nilifikiri ananicheka.

Abdoul alikuja mbio. Akanikalisha, akaona nina damu mdomoni na goti limechunika lakini mifupa mizima. Kisha akamwinua Koko, akafungua tangi, akachovya kidole, akasugua kidole kwa kidole. Akanusa.

"Mama Tina, hii ni esansi kavu. Esansi kama ya moto yangu. Mafuta iko wapi?"

"Iko ndani. Baba Tina alichanganya."

"Nusa mwenyewe."

Nikanusa. Ilikuwa kavu kama alivyosema; moshi wa mwanzo ulikuwa wa mabaki ya jana tu.

Chris akafika, bado amevaa kofia. Nikanyanyuka nikampiga kofi zito, kofia ikageuka upande. "Umebadilisha esansi yangu! Umekuja ku moto yangu wakati sikuwa ninaangalia!"

"Ya Immaculée, naapa kwa mama yangu," akasema, akiniita kwa jina langu kama dada yake mkubwa, anashika kofia kwa mikono miwili. "Sikugusa. Naapa. Ningetaka kukushinda hivi? Batu bote baliona umenishinda."

Abdoul akarudisha kifuniko cha tangi. Alimpa Chris mkono kama mshindi, kwa uso wa mtu anayelipa kitu asichokipenda, akarudi kwa wageni wake.

Aliyenirudisha nyumbani ni huyohuyo Chris niliyempiga. Alifunga kamba nyuma ya moto mpya akamkokota Koko, na mimi nimekaa juu ya Koko nashika usukani, tunapita Mbunya yote. Watu walitoka kwenye milango. Kuna aliyeuliza kama maharagwe yameungua. Sikulia. Nilikuwa napanga maneno ya kumwomba Mama Suzanne. Nitampigia magoti, nilisema. Nitamwambia nilikuwa mbele mpaka mwisho, aulize mtu yeyote. Ana roho ngumu, lakini ni mama pia.

Delphin alikuwa kwenye kiti chake, mlangoni, peke yake.

"Tina iko wapi?"

"Kaa kwanza. Uko na damu."

"Baba Tina, Tina iko wapi?"

"Alikwenda na mama."

"Saa gani?"

"Uliondoka, nabo bakaondoka."

Nilisimama nikidhani masikio yangu yamezibwa na udongo. Nikamwona Tina na gauni lake la Noeli na viatu vilivyofungwa. Hakuwa amevalishwa kuja kunitazama.

"Mbio ilikuwa haijaanza," nikasema. "Ulisema tungoje matokeo!"

"Matokeo nilikuwa nayajua."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anayekuambia chumvi iko wapi. Nikatazama chini ya kiti chake. Chupa ya mafuta niliyomnunulia ilikuwa pale, imejaa, kizibo hakijavunjwa. Kopo la nyanya lilikuwa juu yake, kavu, safi.

"Weye," nikasema. "Ni weye."

"Jana ulisimama mbele ya batu ukasema Koko anaweza," Delphin akasema. "Na Abdoul akasema Koko haina shida. Ulicheka. Nilikuona unacheka. Ungeshinda leo, bangesema nini? Bangesema, kumbe moto haikuwa na shida. Shida ilikuwa Delphin."

"Ningeweza kufa!"

"Hata miye sikukufa," akasema, akitazama miguu yake.

Niliinua mkono. Mungu ananiona, niliinua mkono juu ya mtu asiyeweza kukimbia, na nikataka sana kuushusha kwa nguvu. Ukabaki hewani. Nilimchukia Delphin siku ile, na sitaki kuwadanganya, mpaka leo ninapoandika sijamaliza kumchukia.

Nyuma yangu Chris alikuwa amesikia yote. Alifungua ile kamba kwenye moto mpya, akaitupa chini.

"Ya Immaculée, chukua."

"Abdoul atakufukuza."

"Atanifukuza. Chukua haraka, jua inakwenda. Haina taa, unajua, ni ya mashindano tu. Na tangi yake ni ndogo. Lakini ile babu ya lori ya Kpandroma, yenye imebeba mama mukwe wako na Tina, haiwezi kuikimbia."

Nilipanda na damu yangu na udongo wangu. Nilibonyeza kidole tu, ikaamka, safi, bila kikohozi. Koko alikuwa amelala ubavu kando ya ukuta, nikampita bila kumtazama. Nikageuza moto kuelekea njia ya Kpandroma, njia ambayo hata wanaume wenye moyo hawaipendi jioni.

"Immaculée!"

Nikasimama. Tangu Tina azaliwe, Delphin hakuwahi kuniita hivyo. Alipokasirika nilikuwa Mama Tina, alipolewa nilikuwa Mama Tina, hata siku ile alipoanguka na kudhani anakufa, aliniita Mama Tina. Sasa alinirudishia jina la usichana mbele ya Chris, kana kwamba sina mtoto tena.

"Usipoteze esansi," akasema. "Hawakupanda Kpandroma."

"Mama yako anakaa Kpandroma!"

"Balishika njia ya Komanda."

Komanda ni njia panda. Malori yanasimama pale, watu wanakula, halafu kila lori linashika upande wake, na kuna pande ambazo mtu akienda haji tena kusikika. Mama Suzanne hana ndugu Komanda. Sisi hatuna mtu Komanda. Hakuna ng'ombe wa familia wala maziwa ya kumngoja mtoto.

Nikarudi mpaka kwenye kiti chake, moto ikiwaka chini yangu.

"Kwa nani? Baba Tina, mama amepeleka mutoto wangu kwa nani?"

Delphin akapeleka mkono mguuni. Akaanza kukuna goti.

Nikauliza tena. Chris naye akauliza, kwa sauti ya kilio. Jua lilikuwa limegusa mabati ya jirani, na moto ya Abdoul iliendelea kunguruma pale mlangoni, inamaliza esansi yake kidogo kidogo.